Jinsi ya Kufasiri Shairi la Mtoto na Baba Yake: Mwongozo Kamili

Wape wanafunzi wa Dar es Salaam shairi ambamo mtoto anamzungumzia baba aliyempiga, na karatasi nyingi zitarudi na sentensi moja: "Mshairi anawaasa wazazi wawalee watoto wao vizuri." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, na wapo wasahihishaji watakaoipa alama. Ila ingeweza kuandikwa na mtu ambaye shairi lenyewe hajaligusa.

Mashairi ya baba na mtoto yana ugumu wake. Msemaji anampenda na kumwogopa mtu yuleyule, wakati mwingine ndani ya mshororo mmoja, na mara nyingi yeye mwenyewe hajaamua lipi kubwa kuliko lingine. Msomaji mwenye haraka humwamulia. Anaandika "baba katili" au "baba mwenye mapenzi ya dhati," anapiga mstari, anahamia swali la pili. Mwongozo huu ni wa anayetaka kukaa na shairi muda mrefu kidogo kuliko hapo, awe anajiandaa na mtihani wa Kidato cha Sita au anasoma tu kwa sababu kuna kitu kimemgusa.

Ili tuwe na kitu cha kufanyia kazi, nimetunga shairi hili:

Mkono wa Baba

Watokapo bandarini, jua likisha kushuka,
Nasikia mlangoni, kufuli likifunguka,
Najifunika shukani, pumzi nikizishika,
Baba mkono wa chuma, wanichomekea neti.

Mkanda mchana ule, mgongoni ulipita,
Kosa langu lipi lile, hadi leo natafuta,
Usiku vidole vile, shuka juu vyalivuta,
Baba mkono wa chuma, wanichomekea neti.

Wanuka vumbi na jasho, la magunia melini,
Huna neno la vitisho, huna neno la moyoni,
Nauli yangu ya kesho, waiacha mkobani,
Baba mkono wa chuma, wanichomekea neti.

Leo nguvu zimekwisha, bandarini huna kazi,
Neti naiteremsha, waigiza usingizi,
Nataka kukuamsha, nikuulize, siwezi,
Baba mkono wa chuma, nakuchomekea neti.

Hatua ya 1: Lisome kwa sauti

Kalamu iache mezani. Soma shairi lote kwa sauti, pumzika, soma tena. Mizani, yaani silabi, ni 16 kwa kila mshororo, nane kwa nane katika vipande viwili, kwa hiyo ulimi utazoea haraka kutua katikati na mwishoni. Ukishazoea, sikiliza unapokwama. Katika shairi hili utakwama kwenye "nikuulize, siwezi." Hapo ndipo mahali pekee ambapo kituo kimeingia ndani ya kipande, sauti ikakatika kabla haijafika ilikozoea kutua. Weka alama ndogo pembeni. Bado hatujui ina maana gani, na hilo halina ubaya.

Hatua ya 2: Eleza kinachotokea, bila maneno makubwa

Andika kwa lugha ya kawaida nani anafanya nini katika kila ubeti. Jiwekee sharti: maneno kama mapenzi, ukatili, malezi, utabaka yasitokee kabisa kwenye maelezo haya. Yakiingia mapema yatakufanya uone ulichotegemea kukiona.

Ubeti wa kwanza: baba anarudi jioni kutoka bandarini, mtoto anasikia kufuli, anajifunika shuka na kubana pumzi, baba anamchomekea neti. Wa pili: siku moja mchana baba alimpiga mtoto kwa mkanda mgongoni, na mtoto hajui kwa nini, usiku vidole vilevile vinavuta shuka kumfunika. Wa tatu: baba ananuka vumbi na jasho la kubeba magunia, hasemi kitu, anaacha nauli ya shule kwenye mkoba. Wa nne: baba hana nguvu wala kazi, mtoto ndiye anayeshusha neti, baba anaigiza kulala, mtoto anataka kumwamsha amuulize jambo, anashindwa.

Angalizo la lugha. Katika ushairi wa mizani kiambishi "wa-" mara nyingi kina maana ya wewe: "wanuka" ni wewe unanuka, "wanichomekea" ni wewe unanichomekea. Nimeona watu wazima kabisa wakisoma "wao," kisha wakaanza kuwatafuta majirani waliokuja kumchomekea mtoto neti.

Hatua ya 3: Nani anasema, naye ana umri gani?

Usimwite msemaji "mshairi." Mimi nimelitunga, lakini baba yangu hakufanya kazi bandarini. Msemaji ni nafsi iliyojengwa ndani ya shairi, na habari zake zote zimo humo humo. Unapokutana na shairi la mshairi anayejulikana, wasifu wake unaweza kukusaidia baadaye, ila usianze nao.

Sasa tafuta umri. Beti tatu za mwanzo zina mtoto aliyelala kwenye neti, kwa hiyo wengi huandika kwamba anayesema ni mtoto. Rudi kwenye "hadi leo natafuta." Anayesema "hadi leo" amesimama mbali na siku ile. Ni mtu mzima, na ubeti wa nne unathibitisha. Maana yake tuna watu wawili ndani ya sauti moja: mtoto anayebana pumzi, na mtu mzima anayemkumbuka mtoto huyo. Karibu kila shairi la baba na mtoto limejengwa hivi, na ukiwachanganya hao wawili tafsiri yote inapinda. Mtoto anajua hofu. Mtu mzima ndiye anayeweza kugundua kwamba nauli ilikuwa inatoka kwenye yale magunia.

Kisha tazama njeo. Usiku wote umesimuliwa kwa wakati uliopo: watokapo, nasikia, wanichomekea, vyalivuta, waiacha. Kipigo peke yake kimepewa wakati uliopita: "ulipita." Msemaji amekifungia kipigo kwenye "mchana ule," siku moja, huku neti ikijirudia usiku baada ya usiku. Mtu anaweza kusema: basi kipigo kilikuwa kimoja tu, baba alikuwa mwema. Taratibu. Mtoto aliyepigwa mara moja na akasahau habani pumzi kila kufuli linapolia.

Jinsia? Haijatajwa popote, na Kiswahili hakimlazimishi msemaji kuitaja. Ukiandika "kijana huyu wa kiume" umeiongeza wewe.

Hatua ya 4: Gawa karatasi, kisha tafuta kinachokataa kugawanyika

Hii ndiyo hatua yenye kazi, usiipitie juu juu.

Chora mstari katikati ya karatasi. Kushoto andika kila kinachoumiza au kutisha, kulia kila kinachotunza. Kushoto: pumzi iliyobanwa, mkanda, kosa lisilojulikana, chuma, kukosa neno la moyoni. Kulia: neti, shuka, nauli, kukosa neno la vitisho. Wengi huishia hapa, wanahesabu, upande wenye vitu vingi unashinda. Fasihi haipigiwi kura hivyo.

Rudi usome upya ukitafuta maneno yasiyokubali upande wowote. "Vidole vile" ni vya kwanza. Neno "vile" linatuambia kwamba vidole vinavyovuta shuka ndivyo vilivyoshika mkanda. Huwezi kuviweka kulia bila kuuvuta mkanda uje navyo. Cha pili ni mshororo "Huna neno la vitisho, huna neno la moyoni." Vipande viwili, muundo mmoja, neno moja tu limebadilishwa. Kunyamaza kwa baba ni nafuu na ni njaa kwa wakati mmoja. Cha tatu ni kibwagizo, ambacho nusu yake ni chuma na nusu yake ni neti, bila "lakini" katikati. Angalia vizuri: msemaji hakusema "una mkono wa chuma, lakini wanichomekea neti." Ametua tu, akaendelea. Kiunganishi hicho tukikiongeza sisi, tumeshaamua kwamba neti inafuta chuma.

Vitu hivi visivyogawanyika viandike katikati, juu ya mstari wenyewe. Uchambuzi wako utatoka hapo.

Katika vikundi vya kusomea mashairi mabishano huwa makali sana kwenye hatua hii. Mmoja atasema, "Mwalimu, huyu baba alijuta, neti ndiyo msamaha wake." Ni hoja nzuri, kwa hiyo ipime kwa maandishi. Katika ubeti wa pili kipigo na shuka vimepangwa jirani, mchana na usiku, na hilo linamuunga mkono. Lakini kibwagizo cha neti kimeanza katika ubeti wa kwanza, kabla mkanda haujatajwa, na "watokapo" inaonyesha mazoea. Neti ilikuwepo kabla na baada. Kwa hiyo unaweza kusema neti ni namna ya baba ya kujali. Kusema ni msamaha wa siku ile kunahitaji ushahidi ambao shairi halina. Mwingine atakuja na methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ina uzito katika nyumba nyingi za Pwani, na baba wa shairi hili huenda angeitumia kujitetea. Ila methali inamzungumzia mtoto anayefundishwa. Huyu hajui alifundishwa nini: "Kosa langu lipi lile." Adhabu isiyotaja kosa haina somo, na shairi limesimamia hapo.

Wakati mwingine mabishano hayahusu shairi tena, mtu anamtetea au anamshtaki baba yake mwenyewe. Inatokea, na hakuna haja ya kuona aibu. Andika hayo kwenye karatasi nyingine. Kumbukumbu yako inaweza kukuonyesha mstari ambao wengine hawakuuona, ila haihesabiki kama ushahidi wa mstari huo.

Hatua ya 5: Orodhesha yasiyosemwa

Andika maswali ambayo shairi limekataa kuyajibu. Kosa lilikuwa nini? Mama yuko wapi? Baba naye alilelewaje? Kwa nini anaigiza usingizi?

Kisha tenganisha. Kuna kimya ambacho ni nafasi tupu tu, hakina kazi. Mama hajatajwa hata mara moja. Usijenge hadithi ya mama aliyefariki au aliyeachika. Kuna kimya kingine ambacho shairi lenyewe limekionyesha kwa kidole, na hicho ndicho cha kufanyia kazi. Kosa lisilotajwa linaibuka katika ubeti wa pili, linarudi mwishoni bila kutajwa jina: "Nataka kukuamsha, nikuulize, siwezi." Amuulize nini? Shairi limeuliza swali moja tu huko nyuma, kwa hiyo tuna haki ya kuyaunganisha. Na sasa ile alama uliyoiweka pembeni katika hatua ya kwanza inapata kazi: sauti inakatika palepale swali linapotaka kutoka.

Hatua ya 6: Uliza umbo linafanya nini

Hapa wanafunzi hujaza istilahi: ni tarbia kwa sababu kila ubeti una mishororo minne, ni ukaraguni kwa kuwa vina vinabadilika ubeti hadi ubeti, lina kibwagizo. Sawa, andika. Alama zako mbili tatu zipo hapo. Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, alichapisha kanuni za utunzi mwaka 1954, na mabishano ya miaka ya 1970 kati ya washairi wa arudhi (wanaofuata kanuni za vina na mizani) na wa mashairi huru yaliacha tabia ya kuhesabu mizani kana kwamba kuhesabu ndiko kuchambua. Mizani ni mwanzo tu wa swali: umbo hili linamfanyia nini msemaji huyu?

Kibwagizo ndicho kinachojibu. Mara tatu kinarudi bila kubadilika, na sikio linazoea. Mara ya nne viambishi viwili vinahama: "wanichomekea" inakuwa "nakuchomekea." Mtendaji na mtendwa wamebadilishana nafasi. Lakini "Baba mkono wa chuma" imebaki palepale, na sasa haieleweki tena mkono wa chuma ni wa nani. Ni baba anayeitwa kwa jina lake la zamani ingawa nguvu zimekwisha? Au chuma kimehamia kwa mtoto? Zote mbili zinasomeka, na ukichagua moja taja unachokiacha. Mimi huegemea ya kwanza, kwa sababu ukwapi wote (kipande cha kwanza cha mshororo) bado unamwita baba, ila ya pili siithubutu kuifuta. Baba anaigiza usingizi alivyokuwa akiigiza mtoto katika ubeti wa kwanza. Mtoto aliigiza kwa hofu.

Hatua ya 7: Leta muktadha, kwa kipimo

Muktadha unaofaa ni ule unaofungua neno lililomo. Chukua neti. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na neti isiyochomekewa vizuri chini ya godoro huacha upenyo. Kwa hiyo kitendo cha baba ni kinga ya kweli, na kinahitaji ainame, azunguke kitanda, apapase gizani. Chukua nauli. Kila anayeishi Dar anajua mwanafunzi asiye na nauli kituoni: ama atembee, ama ambembeleze konda. Kuiacha mkobani usiku kunamwepusha mtoto na kuomba asubuhi. Huenda pia kunamwepusha baba na kuombwa.

Muktadha usiofaa ni ule unaomwagwa kwa sababu unaujua. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam walianzisha mgomo mkubwa mwaka 1947. Ni historia nzito, lakini shairi halitoi mwaka wala halitaji mgomo, na aya nzima juu yake itakupeleka mbali na kitanda kile.

Desturi ya ushairi nayo ni muktadha. Kiswahili kina mashairi mashuhuri ya wasia ambamo mzazi anasema na mtoto anasikiliza: Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, na Shaaban Robert akawatungia wanawe tenzi za mawaidha. Shairi letu limegeuza meza. Mtoto ndiye mwenye maneno, mzazi amefumba macho. Ukilisema hilo kwa sentensi mbili utakuwa umelipa shairi ukoo wake.

Hatua ya 8: Lilinganishe na jingine

Hatua hii ni ya hiari, ila inasaidia. Mmarekani Theodore Roethke alichapisha mwaka 1942 shairi la beti nne kuhusu mtoto anayechezeshwa dansi jikoni na baba anayenuka pombe. Mama amekunja uso, masufuria yanaanguka, sikio la mtoto linakwaruzwa na bizimu ya mkanda wa baba, kisha anapelekwa kulala akiwa bado ameng'ang'ania shati lake. Wasomaji wamegawanyika hadi leo: ni mchezo wa furaha au ni mateso? Mapigo ya shairi ni matatu matatu kama ya dansi yenyewe, yanachangamka. Maneno yake yanachubua. Baba wa Roethke, mkuza maua wa Saginaw, Michigan, alifariki mwaka 1923 mwanawe akiwa na miaka 14, jambo linaloweza kueleza uchungu wa kumkumbuka lakini haliamui ugomvi huo. Jifunze swali la kuuliza: mapigo yanasema nini, maneno yanasema nini, na je, yanakubaliana? Kwetu, mapigo ni tulivu na yamepangika hadi pale kwenye "siwezi."

Hatua ya 9: Andika

Anza na sentensi moja yenye pande zote mbili na yenye kitu kutoka kwenye shairi. Dhaifu: "Shairi linaonyesha baba alikuwa mkali lakini alimpenda mwanawe." Yenye nguvu: "Msemaji ametunziwa na mkono uleule uliompiga bila maelezo, na hata anapokuwa yeye ndiye mtunzaji bado hawezi kuuliza kwa nini." Ya pili inaweza kupingwa, na ndiyo maana inafaa kutetewa.

Kila hoja iwe na dondoo fupi, maelezo ya neno ndani ya dondoo, kisha inakotupeleka. Mfano:

"Kunyamaza kwa baba kuna sura mbili. Katika 'Huna neno la vitisho, huna neno la moyoni,' vipande vyote viwili vimeanza kwa 'huna neno,' na hivyo nafuu ya kutokemewa imefungwa pamoja na upungufu wa kutoambiwa lolote. Mtoto anarithi kimya hicho: katika ubeti wa nne yeye ndiye asiye na neno, 'nikuulize, siwezi.'"

Mtihani ukikudai dhamira, migogoro, ujumbe na msimamo, vitoe, ila vitoe kwenye karatasi yako ya hatua ya nne. Mgogoro mkuu uko ndani ya nafsi ya msemaji, kati ya shukrani na swali lisilojibiwa. Wa baba na mtoto unafuata. Dhamira iite kwa urefu wake, "malezi ya vitendo yasiyo na maneno," badala ya "malezi" pekee. Ujumbe nao uwe ule ambao shairi hili tu ndilo lingeweza kuutoa: mtoto aliyeadhibiwa bila kuambiwa kosa anaweza kuwa mtu mzima anayemhudumia baba yake kwa mikono huku swali lake likiwa bado halijaulizwa. Kabla hujakabidhi karatasi, tafuta kila sentensi inayoanza na "jamii inapaswa." Kama haina neno hata moja kutoka kwenye beti, ikate.